Futi Kamba

Mbarouk wa yadi ya Kwerekwe aliniona nikiivua shingoni,
akacheka: "Dada, gari haishonwi."
Nikamwambia, cheka tu, lakini shika ncha hii.

Namshonea mama yangu miaka kumi na tisa.
Namjua kiuno, namjua urefu wa mkono,
nalijua na bega la kushoto lililoshuka
tangu usiku ule wa mwezi wa Rajabu
aliponiita, jina langu likatoka nusu.
Kisigino hadi goti: inchi kumi na saba.
Kiti kikizidi ishirini na mbili itabidi abebwe,
na Bi Mize binti Makame hataki.
"Kinachobebwa ni jeneza," anasema. "Mie bado napumua."

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ndefu, safu tatu.
"Ukoo mzima unaingia, na sufuria la pilau."
Ardhi hadi kitini: ishirini na tisa.
Niliandika kiganjani, nikasonga.

Ya pili, wallahi, bado naiota.
Rangi ya lulu. Unabonyeza, mlango unateleza wenyewe.
Unabonyeza tena, kiti kinageuka, kinatoka nje,
kinashuka taratibu mpaka karibu na vumbi,
na sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani.
Mama, aliyekuwa kimya tangu Amani,
akaitika: "Waalaykumu salaam, mwanangu."
Akakaa. Hakushikwa na mtu.
Akainuliwa, akageuzwa, akatutazama kutoka juu,
mimi na kaka Faki na magongo yake,
kwa lile jicho la zamani, la kuulizia chenji.

Nusura nilie. Nikapima nyuma badala yake:
kigari kikikunjwa kinaingia, magongo yanalala ubavuni,
inabaki nafasi ya gunia la mbatata.
Kisha nikapima upana wa nje.
Sabini na mbili.

Kwetu Jang'ombe kuna nguzo ya umeme
iliyochomoza kichochoroni kwa Bi Time.
Alfajiri ile, watu hawajatoka msikitini,
nilipima baina yake na ukuta wa pili.
Sabini. Nikapima tena, tochi mdomoni.
Sabini.
Gari hii ingetushusha barabarani, kwenye duka la mafuta ya taa,
na kutoka hapo hadi mlangoni kuna mchanga na mfereji,
hatua mia na arubaini na tatu,
nazo nimezihesabu kwa miguu yangu, si yake.
"Nguzo watahamisha," alisema Faki.
Wameahidi kuihamisha tangu Faki ana miguu miwili.

Mwisho wa yadi, kimejikunyata ukutani,
kulikuwa na kijigari cha rangi ya chai ya maziwa,
bampa limefungwa kwa waya.
Mbarouk hakukipangusa hata vumbi.
Kushoto mlango mmoja tu, mpana, unateleza kwa mkono.
Upana wa nje: sitini na sita.
Kishikio kiko mbele,
pale pale mkono wa kulia, ule mzima, unapofika.
Ardhi hadi kitini: ishirini na mbili na nusu.
Hiyo nusu nitaitoa kwenye sponji. Mkasi ninao.

Mama alikaa ukingoni, akatua pumzi,
akauinua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia
kama anayempandisha kitandani mtoto aliyelala.
Mara ya kwanza ulikwama.
Mbarouk akanyoosha mkono, nikamzuia.
Mara ya pili ukaingia.

"Hii haisalimii," alisema.
Haisalimii, mama. Lakini inafika mlangoni.

Akaitazama ile ya lulu, akaitazama,
kama wateja wangu wanavyoishika hariri
baada ya kutajiwa bei.
Kisha akavuta pindo la buibui ndani, lisibanwe.
"Haya, funga."